Maswali ya Wasomaji: Kifusi cha Bure Kutoka Mtoni

Safari hii nimepokea barua nne zinazogusa kitu kimoja, tope linalochimbwa mitoni, mitaroni na bandarini. Nazijibu zote hapa. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ina haraka: lori linaweza kuwa tayari limeshapakia.

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Kigogo, karibu na bonde. Kila masika maji yanaingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Mwaka huu mimi na mume wangu tumeamua kuinua kiwanja kabla hatujajenga vyumba viwili vya nyuma, lakini bei ya kifusi imetushinda. Kuna kijana mwenye fuso anasema ana tope lililotolewa mtoni na kwenye mtaro, atatumwagia tripu kumi bure, tumlipe mafuta tu. Anasema tukilichanganya na mifuko kadhaa ya saruji litakuwa gumu kama zege na sumu yote itakufa. Ni kweli? Nina watoto watatu, wa mwisho bado anatambaa. (Mama wa watatu, Kigogo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kijana asubiri kwanza.

Anachokisema hakukitunga. Tope la mijini hutibiwa kwa saruji na chokaa katika nchi nyingi, na likitibiwa sawasawa hujengewa juu. Kinachonitia hofu ni hayo maneno yake ya mwisho, kwamba sumu itakufa. Vijidudu hufa. Mafuta ya magari huoza polepole. Risasi, ile metali nzito ya kwenye betri za magari, haifi. Ikiwa imo kwenye tope leo, itakuwemo siku mjukuu wako anaoa.

Fikiria huo mto umepita wapi kabla ya kufika kwako. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unashuka Vingunguti na Tabata, unapita hapo Kigogo, unatambaa Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salender. Njiani unapokea maji ya machinjio, ya viwanda, ya gereji, na wewe unajua kama mimi kwamba mvua kubwa ikianza kuna watu wanatapisha vyoo. Watafiti wamepima tope na mboga za bonde hili mara nyingi kwa miaka mingi, na wamekuta metali kama risasi, kromiamu, kadimiamu, shaba na zinki. Risasi ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa ajili ya huyo anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hunyonya mwilini risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, wakiwa wamemeza kiasi kilekile. Na mtoto wa umri huo kila anachoshika anakipeleka mdomoni.

Nimefanya kazi maabara ya udongo miaka 24. Nakumbuka ndoo ya kwanza ya tope la mtaro niliyoletewa. Lilikuwa jeusi kama oili chafu, laini, linanuka yai viza. Nikaiacha wazi dirishani kwa sababu harufu ilitushinda ndani. Baada ya siku tatu juu pamekuwa na tabaka la rangi ya kutu, nene kama kidole, na chini yake bado weusi uleule. Nikachovya karatasi ya kupimia uchachu pande zote mbili. Chini ilionyesha 7, yaani maji ya kawaida. Juu ilishuka mpaka karibu 4, unakaribia ukali wa maji ya nyanya.

Ile ndoo ndiyo iliyonifundisha jambo hili kuliko kitabu chochote. Tope likiwa chini ya maji halipati hewa. Metali nyingi zinakuwa zimeshikana na salfa, zimetulia, haziyeyuki. Hiyo salfa ndiyo inayotoa ile harufu na ule weusi. Ukilichota na kulitandaza juani hewa inaingia, salfa inageuka tindikali, na tindikali inazifungulia zile metali. Kwa hiyo tope lililokaa miaka chini ya mto bila kumdhuru jirani linaweza kuanza kuachia sumu wiki ileile linapomwagwa kiwanjani. Mvua ya kwanza inazichukua zinateremka kisimani, au kwenye karo la jirani.

Hapo ndipo saruji inapoingia, na kazi yake ni nzuri. Inakunywa maji ya tope. Inaua ile tindikali, kwa sababu ndani ya saruji mna chokaa nyingi na pH, yaani ile namba ya karatasi ya uchachu (ikipanda, uchachu unapungua), inapanda mpaka kama 12. Katika hali hiyo metali nyingi hugeuka kuwa chembe zisizoyeyuka. Kisha saruji inapokomaa inazizungushia jiwe. Mimi naiita kazi ya kufunga mlango: mwizi bado yuko chumbani, ila hatoki. Na mlango una masharti yake.

Sharti la kwanza ni kiasi. Watu hudhani saruji ikizidi ndiyo salama zaidi, lakini risasi na zinki zina tabia yake: pH ikipanda kupita kiasi, zinaanza kuyeyuka upya. Kwa hiyo anayetibu tope hupima, hakisii kwa mifuko. Sharti la pili ni uozo. Tope la mtaro limejaa damu ya machinjio, kinyesi, majani na nywele. Tindikali zinazotokana na kuoza huko zinaifunika chembe ya saruji na kuizuia kukaza. Ndiyo maana saruji ileile inayokupa zege safi inaweza kukutia aibu kwenye tope.

Nililiona hili kwa macho. Mwaka mmoja nilitengeneza vipande vya mraba kwa tope la mtaro: vingine saruji asilimia 5, vingine 10, vingine 15. Nikavifunika kwa magunia mabichi siku 28 kama tunavyofanya kwa zege. Vya asilimia 5 kidole gumba kilizama. Vya 10 vilisimama, ila ukivikwangua kwa ukucha vinatoa unga. Vya 15 vilikuwa vigumu, nikafurahi. Kisha nikapasua kimoja kwa nyundo. Katikati palikuwa na kiini cheusi, kibichi, kikubwa kama kokwa la embe, na ile harufu ya yai viza ikanipiga usoni. Nilikuwa nimechanganya kwa koleo, kugeuza mara tatu, kama fundi anavyogeuza zege chini. Tope laini halichanganyiki hivyo. Linajiviringisha kuwa madonge, saruji inabaki nje na tope linabaki ndani. Wanaoifanya kazi hii kwa uhakika hutumia mashine yenye mapanga yanayokanda tope kama mashine ya mikate inavyokanda unga. Kijana wa fuso hana mashine hiyo, na ninyi pia hamna.

Ukitaka kujua kama mlango umefungwa, unapima. Maabara inalivunjavunja tope lililotibiwa, inalitia kwenye maji yenye tindikali kidogo, inalizungusha saa 18, halafu inapima maji yale yamechukua nini. Marekani, maji hayo yakifikisha miligramu 5 za risasi kwa lita moja, tope linahesabiwa taka hatari. Hapa kwetu sampuli unaweza kupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Chukua kutoka tripu tofauti, maana tope la Tabata si la Jangwani hata kama limepakiwa lori moja, na uombe vipimo viwili: metali zimo kiasi gani kwa jumla, na zinazotoka kwenye maji ni kiasi gani. Cha pili ndicho kinachokuambia kama tiba imefanya kazi. Cha kwanza ndicho kinachokuambia mtoto atameza nini akilamba vumbi lake, kwa sababu tumbo la mtoto halingoji mlango ufunguliwe kwa mvua.

Kwa sababu hiyo, hata tope hilo likifaulu kipimo cha maji, mimi nisingeliweka kwenye uwanja ambao mtoto anatambaa. Lingefaa chini ya barabara, au chini ya gati, mahali palipofunikwa na ambapo hakuna atakayechimba shimo la choo baada ya miaka kumi bila kujua kilichopo chini.

Sasa shida yenu iko palepale, kwamba maji yanaingia na hela haitoshi. Nawashauri msiinue kiwanja kizima. Inueni msingi wa hivyo vyumba viwili tu, kwa udongo mwekundu kutoka juu, kutoka mahali ambapo mmeona kwa macho yenu unachimbwa. Tripu mbili au tatu za udongo safi zinazoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka unene wa kiganja, zitawafaa kuliko tripu kumi za tope ambazo masika zitalegea na kuzama. Tena mkiinua kiwanja chote, maji yenu yanahamia kwa jirani, naye atainua chake, na mtaa mzima utapata ugomvi.

Kabla hamjanunua hata tofali moja, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize kama nyumba yenu imo kwenye eneo la Mradi wa Bonde la Msimbazi. Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na watu wa bondeni wamekuwa wakifanyiwa tathmini ya fidia. Itaniuma kusikia mmejenga vyumba viwili mahali ambapo mtatakiwa kuhama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na wengi wa waliohamishiwa Mabwepande baada ya hapo walitoka kwenye mabonde kama hilo lenu. Ulizeni.

SWALI: Mama, kazi yangu ni kufyatua tofali za saruji hapa Vingunguti. Mchanga wa mto ni nafuu na vijana wanauchota karibu. Wateja wengine wameanza kuuliza kama una sumu. Halafu nimesikia Ulaya wanachukua tope lenyewe, wanalitia dawa, wanalichoma kuwa tofali. Na mimi naweza? (Mfyatua tofali, Vingunguti)

JIBU: Mdogo wangu, wateja wako wanauliza swali zuri, na jibu lake linaweza kukusaidia kibiashara.

Sumu haikai sawa kwenye kila punje. Metali na mafuta hupenda kushikamana na punje ndogo kabisa, mfinyanzi na lile tope laini linalobaki mkononi kama losheni. Punje kubwa ya mchanga ina uso mdogo kwa uzito wake na haishiki kitu kingi. Hamburg, Ujerumani, bandari iko kwenye mto Elbe ambao kwa miaka mingi ulileta taka za viwanda kutoka juu. Mwaka 1993 walifungua kiwanda kinachoitwa METHA chenye kazi hiyo tu: tope linaingia kwenye mitungi inayozungusha maji kwa kasi, mchanga unatoka upande huu, tope laini upande ule. Mpaka wao ni punje ya sehemu 63 za elfu moja ya milimita. Mchanga hutumika kwa ujenzi. Tope laini ndilo linaloshughulikiwa kama mgonjwa.

Wewe huna mitungi hiyo, lakini una ndoo na jicho. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, tia mchanga mpaka theluthi, jaza maji safi, funika kwa kiganja na utikise dakika mbili. Weka chini. Mchanga utatua mara moja. Tope laini litachukua saa nzima au zaidi, na kesho yake utaliona limelala juu ya mchanga kama malai juu ya maziwa. Ukiona tabaka hilo limezidi unene wa kucha, mchanga huo usiufyatue kabla ya kuuosha. Ungekusumbua hata kama hauna sumu, kwa sababu tope linakula saruji na tofali linamung'unyika pembe. Osha, pima tena, rudia mpaka maji yatulie haraka. Mchanga uliooshwa hivyo, wa kutoka juu ya mto, naukubali kwa tofali.

Maji ya kuoshea usiyarudishe mtaroni. Ile sumu yote uliyoitoa kwenye mchanga imo humo. Yachimbie kishimo yatulie, na lile tope likikauka liweke kwenye viroba, mbali na watoto na kuku. Najua halmashauri zetu hazina gari la kuja kulichukua. Naliandika hata hivyo, kwa sababu hapa ndipo nchi nzima imesimama. Tunajua kutenganisha, ila hatujaandaa mahali pa kupeleka kile kibaya.

Kama mchanga umechotwa chini, kuanzia Jangwani kuelekea Salender, kuna jambo la ziada: maji ya bahari yanapanda humo na mikoko imeota. Chumvi hiyo itatoka ukutani kama unga mweupe, lipu itabanduka, na fundi akitumia mchanga huo kwenye zege, nondo itaota kutu. Uonje punje chache ujue kama zina chumvi? Hapana, usionje. Loweka mchanga kwenye maji ya mvua usiku kucha, chukua maji yake, yachemshe kwenye sufuria ya zamani mpaka yakauke. Ukiona ukoko mweupe, achana na mchanga huo.

Kuhusu kuchoma, ulichosikia ni kweli, na ni katika tiba zinazonivutia zaidi. Kampuni ya Solvay ya Ubelgiji ilitengeneza njia inayoitwa Novosol. Tope linachanganywa kwanza na asidi ya fosfori, kidogo tu, asilimia chache. Fosfeti inayotokana na asidi hiyo inakutana na kalisi iliyomo kwenye tope na kutengeneza kitu cha jamii moja na mfupa na jino. Madini hayo yanazipokea metali ndani ya mwili wake. Risasi inapenda sana fosfeti: zikikutana zinafanya fuwele ambayo maji hayaiwezi, na ndiyo maana fosfeti hutumika pia kutibu udongo wenye risasi bila kuuchoma. Baada ya hapo tope hukaushwa, kisha huchomwa kwenye nyuzi kama 650 ili kumaliza mafuta na uozo wote. Kinachobaki ni unga wa rangi ya kahawia unaoweza kuchanganywa na mfinyanzi kwa tofali za kuchoma, au kuingia badala ya sehemu ya mchanga kwenye zege.

Sasa angalia tofauti ya tanuri lao na tanuu letu la kuni na pumba. La kwao lina kipimajoto na lina kichujio cha moshi. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo tope lenye zebaki ukilitia tanuuni, zebaki yote inaondoka na moshi kabla tofali halijaiva, na moshi huo ni wewe na vijana wako mnaouvuta. Kadimiamu nayo ina tabia ya kuruka joto likiwa kali. Tena fosfeti si dawa ya kila kitu: tope likiwa na sumu iitwayo aseniki, fosfeti inaweza kuisukuma itoke, kwa kuwa vitu hivyo viwili hugombania kiti kimoja. Kwa hiyo tope lenyewe usilichome. Fyatua mchanga uliooshwa, na uandike kwenye kibao chako kwamba mchanga wako umeoshwa. Mimi ningenunua kwako.

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni Mkenya, kwetu Changamwe, lakini sasa niko Elizabeth, New Jersey, nafanya kazi kwenye duka moja ndani ya lile jengo kubwa la maduka karibu na bandari. Mzee mmoja wa hapa ameniambia maegesho tunayoegesha magari yamejengwa juu ya tope la bandari lenye sumu. Ananitisha au ni kweli? (Msomaji, Elizabeth)

JIBU: Marahaba kaka. Mzee amekuambia kweli, ila nadhani hakukueleza habari yote.

Bandari ya New York na New Jersey inajaa tope kila mwaka, na meli kubwa haziwezi kuingia bila kuchimba. Kwa miaka mingi tope hilo lilikuwa linapelekwa kumwagwa baharini, nje ya pwani ya New Jersey, mahali palipojulikana kama Mud Dump. Wavuvi na wakazi wa pwani walipigana nalo mpaka pakafungwa mwaka 1997. Kuanzia hapo bandari ikawa haina pa kupeleka uchafu wake, na ndipo wahandisi walipogeukia saruji kwa nguvu zote. Kipimo kilichozoeleka kwao kilikuwa kama asilimia 8 ya saruji kwa uzito wa tope likiwa bichi, likikandwa na mashine. Linatoka likiwa kama udongo mweusi unaoweza kushindiliwa.

Jengo lenu, Jersey Gardens, lilifunguliwa 1999 juu ya dampo la zamani. Tope lililotibiwa lilitumika kufunika dampo na kuinua maegesho. Ukifikiri vizuri, ni mahali panapofaa: chini kulikuwa kuchafu tayari, juu kuna lami, hakuna mtu analima mchicha hapo, na serikali ya jimbo ina kumbukumbu ya kilichopo. Kuegesha gari juu yake hakukudhuru. Kitakachokupa haki ya kuuliza ni siku utakapoona lami inachimbwa. Siku hiyo uliza vumbi linadhibitiwaje.

Tope lingine la bandari hiyohiyo lilipandishwa treni mpaka Pennsylvania, sehemu iitwayo Bark Camp, likachanganywa na majivu ya makaa na chokaa na kujazia mgodi wa makaa ulioachwa. Wajapani nao huko Nagoya walilitia saruji tope la bandari likiwa linasukumwa kwa hewa ndani ya bomba, likichanganyika lenyewe njiani, wakajenga kisiwa cha uwanja wa ndege uliofunguliwa 2005. Nikisoma habari ile huwa natamani ningeona hilo bomba.

Lakini Wajapani haohao wana Minamata, na naomba usome habari zake. Kiwanda kilimwaga zebaki ghubani kuanzia 1932 mpaka 1968, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa na ulemavu. Kati ya 1977 na 1990 walishughulikia tope lote lenye zebaki ya kupita kiwango, kama mita za ujazo milioni 1.5: walichota sehemu yake, wakalifungia lote nyuma ya kuta za chuma na kulifunika kwa udongo safi. Leo eneo hilo la hekta 58 lina bustani. Pale hawakujaribu kulifanya tofali wala kifusi cha kuuza. Kuna tope ambalo tiba yake ni kulizika mahali pamoja na kulilinda, na kazi ya mtaalamu ni kulitambua mapema, kabla mtu hajapata faida nalo.

SWALI: Mama, nalima mchicha na matembele pembeni ya mto. Mto ulipochimbwa, tope lilimwagwa kwenye matuta yangu. Bwana mmoja anauza chokaa ya mifuko, anasema nikinyunyiza itaondoa sumu na kuua minyoo. Ninunue? (Mkulima, Jangwani)

JIBU: Ndugu yangu, chokaa itakusaidia kwa nusu ya anachokisema. Ikiingia ya kutosha mpaka pH ifike 12 na kukaa hapo saa mbili, bakteria wengi wa kinyesi hufa. Mayai ya minyoo ni sugu zaidi, yanaweza kubaki. Lakini udongo wa pH 12 hautaotesha kitu msimu huu, mchicha utaungua.

Ukitia chokaa kidogo, udongo ukapanda mpaka 7 hivi, mizizi itavuta kadimiamu na risasi kwa upungufu. Hiyo ni faida ya kweli. Ila risasi nyingi ya kwenye mchicha haipiti mizizini. Inakuja na vumbi na matone ya tope yanayorukia majani mvua ikipiga, na hapo chokaa haina msaada wowote.

Tena angalia unachouziwa. Kuna mkandarasi mmoja aliniletea tope alilosema amelitibu kwa chokaa, nikapima, pH ilikuwa 8. Nilipokwenda kwenye eneo lake nikakuta mifuko imepasuka, imekaa wazi tangu mwezi uliopita. Chokaa ikikaa hewani inarudi kuwa jiwe lake la asili, inabaki nyeupe vilevile lakini nguvu imekwisha. Alikuwa amelichanganya tope lake na vumbi la chokaa lililokufa. Kama unataka kuijua chokaa hai, yaani ambayo haijazimwa kwa maji, chukua donge dogo, liweke kwenye kopo la bati, simama upande upepo unakotokea, umwagie maji kidogo. Ikiwa hai itachemka na kutoa mvuke. Funika macho, maana tone moja la chokaa hai linaweza kukupofusha.

Kwa matuta hayo, mimi ningekuambia usiuze mchicha wake. Komba lile tope juu, lirundike pembeni, ufunike kwa turubai ili mvua isilirudishe, kisha mwone afisa ugani wa kata yako na umwombe sampuli ipelekwe maabara. Wakati unasubiri majibu, hapo ulipo njiani kuna soko la miche ya maua na miti ya kivuli. Nimewaona wenzako wanaoipanga kwenye viroba vyeusi kando ya barabara. Anza na viroba hamsini vya udongo safi kutoka juu, uviweke juu ya matuta hayohayo. Mboga hamishia kiwanja kingine, hata kidogo, mbali na mto, na mchicha utakaoutoa humo mwoshee mteja kwa maji ya bomba mbele ya macho yake.